Sekunde Mbili Chini ya Tegeta

Tegeta, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Kokuberwa, uliyeko masomoni Bergen, Ulaya, kwenye baridi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaipasua bahasha. Sie huku wazima. Joto la Januari limekaza, hata kuku wa jirani yetu Zubeda wanatembea wameachama midomo. Mkazamjomba wako bado yuko Bukoba na migomba yake, anasema Dar atakuja ndizi zikimruhusu. Mama yako, dada yangu Flaviana, hajambo kabisa. Nimempa kile chumba cha nyuma, upande wa kilima cha Wazo, nilichokijenga kwa mikono yangu miwili bila fundi wala mtu wa kunishikia kamba. Cherehani yake ameiweka dirishani, anashona sare za kwaya huku upepo unampepea. Tangu lile tetemeko la 2016 lilipoilaza nyumba ya marehemu baba yako kule Bukoba, na majirani wakamtoa mama yako chini ya kizingiti akiwa mweupe kwa vumbi, niliapa kwamba dada yangu atalala kwenye nyumba isiyojua kutikisika. Tetemeko lile nililisikia mie hapa Tegeta kabla halijafika Bukoba. Chai ilicheza kikombeni nikasema, haya, linaelekea nyumbani.

Sasa jambo lenyewe. Picha yako imefika. Pale posta walitaka kuifungua wajue ni nini, nikawaambia ninyi fungueni, lakini mkiiona msije mkashindwa kulala. Wakaniachia. Nimeitundika sebuleni, na picha ya harusi yangu imehamia jikoni.

Koku, nilikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Mimi Revelian, ambaye hakuna kitu sijakiona. Mistari juu ya mistari, myeusi na myeupe, imelaliana kama ukilikata shina la mgomba. Inakwenda vizuri, inakwenda, halafu pale katikati yote inakatika kwa pamoja kama imepigwa panga, na ng'ambo ya pili inaendelea ikiwa imeshuka chini. Nikajiuliza, ni nani huyu mwenye panga la namna hii, na alikuwa amekasirikia nini?

Watu wamekuja kuiangalia, na mimi nawaeleza. Mwinshehe, yule mwashi wa Lindi anayejiona anajua kila kilichosimama, alisema inafanana na sweta lililofumuka. Nikamwambia wewe umezoea tofali, hii ni dunia yenyewe imevuliwa shati. Watu walicheka mpaka akaomba maji. Unajua hapa mtaani wananiita Nshomile, jina wanalotubandikaga Wahaya tunaojua vitu. Siku hizi wanalitamka kwa adabu.

Kikaratasi chako kinasema ni ardhi ya chini ya pwani yetu. Pwani yetu ni ipi kama si Tegeta? Na pembeni nimeziona namba zinashuka, 1, 2, 3, 4. Nimezielewa bila kufundishwa. Ufa unaanza kwenye 2. Wewe nithibitishie tu, nina jambo nataka kulifanya. Na uandike, usipige. Simu ikikatwa imekwisha, barua naweza kumsomea mtu mara tatu.

Ni mimi, mjomba wako uliyebakiwa naye,
Revelian


Tegeta
11 Februari 2024

Mpwa wangu Koku,

Naona posta ya huko inatembea kwa miguu. Sijapata jibu, nami si mtu wa kusubiri. Huku tunaendelea vizuri. Zubeda amepata mjukuu wa kike, wamempa jina refu kuliko yeye mwenyewe. Mama yako hajambo, anakusalimu. Cherehani ameihamishia koridoni, anasema mwanga wa koridoni unamfaa zaidi.

Mwanangu, nimechimba.

Nilianza Jumamosi ya mwisho ya Januari baada ya uji, nyuma ya nyumba, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimezama mpaka shingo. Vijana wawili waliojitolea kunisaidia waliomba poo mapema, mmoja akasema huyu mzee ni greda. Nilitaka kufika kwenye ile 2 yako, mita mbili, nikuonyeshe kwamba mjomba wako hasomi picha kwa macho peke yake.

Na nimeyakuta matabaka, Koku. Kweli kabisa nimeyakuta. Juu kuna udongo mweusi uliojaa visoda na mifuko ya plastiki, yaani sisi wenyewe. Chini yake udongo mwekundu, umetulia, hauna hata kisoda. Chini ya huo mchanga mweupe, laini, ukiushika unatiririka vidoleni. Halafu jembe likagonga kitu kigumu. Nikainama nikapapasa, nikachomoa kombe la baharini, moja kati ya mengi, kubwa kama kiganja changu, na ndani bado linang'aa.

Pale juu walikuwa wamesimama watu kama kumi wanapiga kelele, wananiuliza mzee umefika kuzimu, tusalimie babu zetu. Nilipoliinua lile kombe wakainama wote kulitazama. Zubeda anauza samaki tangu hajaolewa, hakuna gamba la baharini asilolijua. Alilipokea, akaligeuza, akalinusa, akanirudishia. Akasema, "Hili silijui." Basi. Akaenda zake.

Hebu niambie wewe uliyesoma. Bahari ilifuata nini nyuma ya nyumba yangu? Nimeliweka kombe juu ya televisheni na kila nikilitazama nywele zinanisimama.

Ule ufa wa kwenye picha nao nadhani nimeupata. Umepita shimoni upande unaoelekea nyumba, mwembamba, umelala mshazari vilevile. Mwinshehe alichungulia akatamka maneno fulani kuhusu msingi. Mtu aliyezoea kupanda ngazi haelewi mambo ya kina.

Kuna jambo dogo. Hapa mtaani iko nyumba moja, sitataja ya nani, ambayo ukuta wake umepata mstari kama unywele, kutoka chini kwenda dirishani. Nimewaambia watu wasishangae, ni ufa wa kwenye picha umepanda juu kuvuta hewa. Nimekosea?

Anayeiona dunia ikiwa uchi,
Revelian


Bergen
16 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimepata barua yako ya Januari. Ilinikuta nina wiki mbili sijaongea Kiswahili na mtu, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti langu. Mpe pole mkazamjomba na migomba yake. Mwambie mama nimepokea kitenge na wenzangu wanakigombania. Nafurahi amepata chumba chenye dirisha.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na la kujisifia, na kwako mtu haandiki hivihivi. Sasa nisikilize, maana wewe umeuliza swali zuri hata kama ulilificha.

Picha ile haikupigwa kwa mwanga. Ilipigwa kwa hodi. Meli inapita baharini, inapiga kishindo majini, kishindo kinashuka chini. Kila kinapokuta tabaka jipya, sehemu yake inarudi juu kama mwangwi, na iliyobaki inaendelea kushuka na kugonga mlango unaofuata. Sisi tunasikiliza nani ameitikia, na baada ya muda gani. Meli inasogea kidogo, inapiga tena. Ukizipanga zile sauti ubavu kwa ubavu, maelfu yake, unapata picha uliyoitundika. Mjomba, pale sebuleni unatazama sauti.

Kwa hiyo zile namba za pembeni si mita. Ni sekunde. Ni muda wa hodi kwenda na jibu kurudi. Pale penye 2 ni zaidi ya kilomita mbili kwenda chini, tena ni baharini, mbali sana na Tegeta. Hata ungechimba maisha yako yote usingeufikia huo ufa, na ninamshukuru Mungu kwamba wazo hilo halijakujia.

Kazi yangu ni hii. Nachagua mstari mmoja, nauwekea rangi, naufuata. Unapokatika, nautafuta ng'ambo umeshukia wapi. Mwezi uliopita niliufuata mmoja siku nyingi, nikavuka ufa, nikadandia mstari usio wenyewe na kuendelea nao kwa furaha. Mwalimu alifuta yote mbele yangu. Alisema mstari ukiruka usikimbilie wa karibu kwa kuwa unafanana nao, jiulize kilichousukuma.

Halafu tazama juu ya ule ufa. Unaona matabaka ya juu kabisa yamepita bila kukatika? Yalitandikwa baada ya ufa kutulia, polepole, tope juu ya tope. Ndiyo yanayotuambia kwamba ufa umelala tangu kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kuuogopa. Siku nilipolielewa hilo sikuweza kula. Nilikaa naangalia kioo cha kompyuta kama mtu aliyeingia kanisani wakati hakuna ibada.

Hilo jambo unalotaka kulifanya ni lipi?

Mpwa wako,
Koku


Tegeta
10 Machi 2024

Koku mpwa wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mbele za watu, isipokuwa mistari michache ambayo niliona haiwahusu. Ile ya sekunde nilikuwa naijua. Nilikuwa nakupima tu kama wanakufundisha vizuri, na naona wanajitahidi.

Lakini ile ya hodi, mwanangu, umeniua. Siku hizi kule kilimani Wazo wakilipua mawe ya saruji, vioo vinatetemeka kwanza ndipo mlio unafika. Nasimama nilipo, hata nikiwa na kijiko mdomoni, nasikiliza. Najisemea, sasa inashuka. Sasa inagonga mchanga. Sasa inagonga makombe. Huko chini wako wanaoitikia na sie hatusikii. Mwinshehe alinikuta nimesimama uani nimeinamisha sikio, akasema Nshomile leo amepigiwa simu na funza. Nilimwacha acheke.

Sie wazima. Mvua zimeanza mapema na zinashuka kwa hasira. Lile shimo limejaa maji mpaka juu, vyura wamehamia na familia zao. Mama yako hajambo. Cherehani sasa iko sebuleni, ili akishona awe anawaona wageni. Unajua mvua ya usiku haipendi tangu mambo ya Bukoba, ila mimi namchekesha.

Ile nyumba ya yule mtu niliyokwambia, ule unywele sasa unaingiza kidole. Mwenye nyumba ni mtu imara, hana hofu yoyote. Ila amenituma nikuulize wewe mtaalamu, kwa mfano tu. Ufa uliolala huko kilomita ngapi sijui, unaweza kuamka kwa sababu mtu kachimba kidogo huku juu? Maana yeye angependa kusikia kwamba ni dunia ndiyo iliyoanza.

Na yale makombe. Hukunijibu. Nijibu.

Asiyelala akiwaza unachokiona,
Revelian


Bergen
26 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua hii unaletewa na Brightson, ninayesoma naye hapa. Kwao ni Mbezi na anakuja kwa Pasaka. Nimemwambia akupe mkononi ukiwa peke yako na asiondoke mpaka uimalize. Kwa leo naomba usimsomee mtu.

Barua zako za Februari na Machi zilifika zimefuatana. Nilicheka habari za vyura. Halafu nikazitandika zote tatu mezani na kufanya kazi niliyofundishwa. Nilichagua mstari mmoja nikaufuata. Nilichagua cherehani ya mama.

Januari iko dirishani, upande wa Wazo. Februari iko koridoni, kwa ajili ya mwanga, na mimi naijua korido yako, mchana tunawasha taa. Machi iko sebuleni, kwa ajili ya wageni, na mama hapendi kutazamwa akishona. Kila barua mstari umeruka. Nikajiuliza kilichousukuma. Kati ya Januari na Februari kuna shimo. Kati ya Februari na Machi kuna mvua.

Mjomba, nyumba ya yule mtu ni yako. Na chumba ni cha mama.

Nilipiga simu Jumamosi. Ukapokea, ukaweka spika kama kawaida yako, nikasikia watu wanaangua kicheko, ukasema mambo ni moto. Nikamwomba mama. Akasema sie wazima, wewe soma. Hakuniuliza hata nimekula nini. Yeye anakaa kwa kaka yake, hawezi kusema ukuta wa kaka yake ni mbaya. Atakaa kimya humo mpaka umwangukie. Ameshatolewa chini ya ukuta mara moja, na mara ile alinyamaza vilevile, aliuona mstari dirishani tangu asubuhi, ukuta ukiwa mbovu hata kabla ya tetemeko, akaona aibu kupiga kelele.

Hakuna ufa ulioamka. Ule wa kwenye picha haujui kama Tegeta ipo. Ukuta wako unasukumwa na kitu kidogo kuliko dunia, nacho ni shimo lililo karibu na msingi, limejaa maji, udongo ulioubeba ukuta unamomonyokea humo. Ndivyo alivyotaka kusema Mwinshehe.

Nakuomba leo, siyo kesho. Mtoe mama upande ule, na kitanda chake, na mtu yeyote asipite uani karibu na ukuta. Maji yakipungua lijaze shimo, kidogo kidogo, mkishindilia kila tabaka. Ukuta kama umeinama uangusheni kabla haujachagua saa yake. Watu waambie ni mimi nimeagiza kutoka Bergen. Waambie lolote. Mimi sitamwambia mtu, na hutanisikia nikilitaja tena.

Kuhusu makombe. Ndiyo, bahari ilikuwa hapo. Iliwahi kukaa juu zaidi, ikatandika mchanga na makombe yake, ikarudi nyuma. Kilima chenyewe kwa sehemu kubwa ni chokaa ya viumbe wa baharini. Ulipolishika lile kombe huenda ulikuwa mtu wa kwanza kuligusa tangu lilipofunikwa. Mimi miaka yote hii nasikiliza matabaka, sijawahi hata siku moja kuweka mkono wangu ndani ya moja.

Nakuombea,
Koku


Tegeta
20 Aprili 2024

Kwa Kokuberwa, mtaalamu wa Bergen na Tegeta,

Sie wazima, na nikisema wazima leo pokea kama lilivyo. Mvua imetupiga mwezi huu kama tumeiibia. Mjukuu wa Zubeda ameota jino. Huyo Brightson wako ana adabu lakini ana macho makavu, alisimama mbele yangu kama askari wa benki mpaka nikafika kwenye jina lako. Nikamuuliza umetosheka? Akasema, "Shikamoo mzee, nimeambiwa nimwone na mama."

Mama yako alitoka chumba kile siku hiyohiyo, kabla Brightson hajamaliza soda.

Jumatatu ya Pasaka nikaita watu. Nikawaambia, kutokana na utafiti unaoendelea kati yangu na Ulaya, ukuta huu inabidi uondoke. Mwinshehe akaja na nyundo kubwa, hata sikumwita. Nilitegemea maneno, yeye akaanza kuegesha magogo chini ya kenchi ili bati zisitufuate. Mie nikashika nyundo. Nataka uelewe vizuri, Koku, na ukisimulia huko usimulie hivi: ukuta haukuanguka. Niliuangusha mie. Ulipolala chini, kishindo kile, nikatega sikio kwa mazoea. Na wengine wote wakatega sikio, hata Mwinshehe. Mtaa mzima umesimama kwenye matope unasubiri mtu aitikie.

Shimo tulilijaza wiki iliyofuata, baada ya kuyachota maji kwa ndoo. Kabla hatujamwaga hata karai moja niliwaambia nipisheni, nikashuka. Maji yalikuwa yameziosha kuta za shimo, kila tabaka limetoka wazi, jeusi, jekundu, jeupe, halafu yale makombe, mengi, yamelala ubavu mmoja kama yalivyoachwa na wimbi la mwisho. Nikaweka kiganja. Yalikuwa baridi.

Nilitafuta la kusema, unanijua. Juu wananisubiri na makoleo. Nikajikuta nauliza kimoyomoyo, siku wimbi hilo linaondoka palikuwa na nani wa kuliona? Ndege? Kaa? Na kama hapakuwa na mtu hata mmoja, basi pamekaa hapo kimya muda wote huo, chini ya miguu yetu tukikaanga samaki na kugombana, pazuri namna ile bila kusifiwa na yeyote. Mie siwezi, Koku. Mie ningesema.

Nikapanda. Tukashindilia kama ulivyoagiza, tabaka kwa tabaka. Lile kombe nakutumia kwenye kifurushi hiki. Weka mkono.

Ukuta mpya Mwinshehe anasema ataujenga yeye. Nimemkubalia, ili naye ajifunze.

Mjomba wako,
Revelian

Koku mwanangu, mjomba wako amenipa kifurushi nikibandike stempu na mimi nimesoma barua kwanza. Yote ni kweli isipokuwa nyundo. Aliipiga mara moja, kiuno kikamshika, zilizobaki alipiga Mwinshehe. Ila kuna jambo moja hakuliandika, nimelitafuta barua nzima sikuliona. Chumba chake cha mbele, chenye feni, amenipa mimi. Yeye analala sebuleni kwenye mkeka, chini ya ile picha yako, na wageni wakimuuliza anawaambia anailinda.
Mama